Mkono Usiosikia Moto

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo, na nilidhani kinahusu maji tu.

Nyumbani kwetu ilikuwa kazi yangu kuwanawisha watu mikono kabla ya kula. Nilipiga magoti mbele ya kila mmoja, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, nikaanza na baba, kisha kaka Donatus. Jioni moja mama aliniharakisha kwa sababu ugali ulikuwa unapoa. Nikachota maji kwenye sufuria iliyokuwa bado mekoni, nikasahau kuyachanganya na ya baridi.

Baba aliruka kutoka kwenye kigoda chake. "Wewe Mektilda! Mimi ni kuku wa kunyonyolewa?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Katika kuhangaika kwangu niligeuka, birika likainama, na maji yaleyale yakamwagikia mikono ya kaka. Mkono wa kulia aliuondoa upesi akaukung'uta hewani. Wa kushoto aliuacha palepale juu ya beseni, mvuke ukipanda kati ya vidole vyake, naye anaendelea kumcheka baba.

Sikusema kitu. Mimi sikuwa mtu wa kusema. Darasani, Mwalimu Theonest aliponiuliza swali, nilisimama nikatazama vidole vyangu vya miguu mpaka akachoka akamwuliza Esta, rafiki yangu wa dawati moja, ambaye alikuwa na maneno ya kututosha sote wawili.

Tulikuwa tumehamia kijiji kile, si mbali na Kharumwa, kutoka Ushirombo. Baba alifuata ardhi ya pamba, kaka alifuata dhahabu. Ilikuwa miaka ya themanini, na vijana wengi walikuwa wanachimba vilimani kwa nguvu za mikono. Lakini kaka hakushuka shimoni. Yeye alikuwa mhunzi. Babu yetu alikuwa mhunzi, na kaka alijifunza kwake tangu utotoni kupuliza mivukuto na kuuelewa moto kwa rangi yake. Wachimbaji walipasua mwamba kwa nyundo na moko, yaani patasi ndefu ya chuma. Jua likifika utosini, moko zote zilikuwa butu. Walizileta kwa kaka, naye alizitia kwenye mkaa mpaka ncha iwe nyekundu, akaigonga, akaitumbukiza majini ipate ugumu. Maji hayo nilimpelekea mimi kila nilipotoka shuleni.

Mhunzi hushika chuma kwa koleo. Kaka alikuwa na koleo la babu, lakini siku hizo lilikuwa limelala mchangani. Moko ikitoka motoni, upande wa nyuma huwa haujawa mwekundu, ila una moto wa kutosha kumtoa mtu machozi. Kaka aliushika kwa mkono wa kushoto mtupu, kama mtu anayeshika mpini wa jembe. Kazi ilikwenda haraka kuliko kwa mhunzi yeyote wa pale machimboni.

"Wenzetu wana koleo la chuma," Maige alipenda kuwatambia watu. "Sisi tunaye Koleo mwenye miguu miwili!"

Maige ndiye aliyekuwa mwenye duara, yaani shimo ambalo kaka alilifanyia kazi. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na jina lile likamshika kaka. Hata watoto walimwita Koleo.

Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu alijua sababu, au alidhani anaijua. Mwaka uliotangulia Maige alimleta mfumu, mganga wa kienyeji, akamchanja kaka chale kwenye mkono wa kushoto na kumpaka dawa ya kumlinda na moto. Miezi ikapita, na kaka akaacha kulalamika anapogusa chuma. Nani angebisha? Wahunzi wa maduara ya jirani walikuja kuuliza mfumu yule anapatikana wapi. Baba aliongoza ibada kigangoni kila Jumapili ambayo padre hakuja, na mambo ya chale hakuyapenda. Hata hivyo alinyamaza. Alisema mkono wenyewe unaonekana kwa macho, hauungui.

Mkono ulikuwa unaungua. Mimi niliuona. Kiganjani palikuwa na lengelenge lililopasuka likawa kidonda, na kaka alikifunga kwa kitambaa akakisahau, kama mtu aliyefunga mzigo wa mtu mwingine. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeanza kujikunja, na hakikunyooka hata alipojinyoosha akitoka usingizini. Na nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na baka lililopauka kuliko ngozi yake. Alipotoka jasho mbele ya moto mwili mzima uling'aa, lakini lile baka lilibaki kavu, kana kwamba limepakwa vumbi.

Ijumaa moja Land Rover ya wizara ya afya ilisimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alishuka muuguzi aliyejifunga ushungi mweupe, jina lake Mwanaima. Alitoka Tabora, na alizungumza Kiswahili laini ambacho sisi watoto wa Kisukuma na Kisumbwa tulikisikiliza kama redio.

"Nani anajua ukoma unaletwa na nini?" aliuliza.

Kwetu neno lile halikutajwa. Watu walisema "ule ugonjwa mkubwa", tena kwa kunong'ona. Darasa likawa kimya, kisha mikono ikaanza kunyooka.

"Laana!"

"Kurogwa!"

"Kula nyama ya mwiko wa ukoo wenu," alisema Esta, na wenzake wakaguna kukubali.

"Basi mimi nawaambia ni bakteria," alisema Mwanaima. "Ni kijidudu chembamba kama kijiti. Daktari mmoja wa Norwe alikiona kwa hadubini, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamejaribu kukikuza kwenye vichupa vya maabara kama wanavyokuza vijidudu vingine. Kimekataa mpaka leo. Tena hakina haraka. Kuna vijidudu vya kuhara vinavyoongezeka maradufu kabla chai haijachemka. Hiki huchukua karibu wiki mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi mwilini bila kujua."

Alieleza kwamba kijidudu hicho hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, kama ngozi na ndewe za masikio, na kwamba huingia kwenye neva, mishipa inayotufanya tusikie tunapoguswa.

"Neva ikiharibika, mahali pale hapasikii tena. Hapasikii mwiba wala moto. Mtu anaungua na hajui."



Akatuita mmoja mmoja, akatuambia tufumbe macho na kuonyesha kwa kidole mahali alipotugusa kwa kipande cha pamba. Watoto walicheka kama wanatekenywa. Esta alipiga kelele kabla hajaguswa. Mimi nilionyesha kila mahali sawasawa, lakini akilini nilikuwa naona mvuke ukipanda kati ya vidole vya kaka.

"Sasa hivi tuko kwenye utafiti," Mwanaima alimwambia Mwalimu Theonest tulipokuwa tunatoka. "Dawa ya zamani ni moja, na wako wagonjwa ambao vijidudu vyao vimeizoea. Sasa zinatolewa dawa tatu kwa pamoja. Lakini neva haingoji. Ukiuwahi mkono, unaweza kuuokoa. Ukichelewa, dawa itaua vijidudu, ila neva iliyokufa haifufuki. Kesho asubuhi tunaelekea Geita, na huku haturudi mpaka pamba iishe kuvunwa."

Nikasimama nyuma ya gari lao. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ni kaka yangu. Yalinijaa kinywani kama unga mkavu. Nilifikiri jinsi watu wa machimboni wangemtazama. Nilifikiri uso wa baba.

"Unataka nini, mwanangu?" Mwanaima aliuliza, akiwa amebeba sanduku lake.

"Anataka lifti!" Esta alipaza sauti. "Hajawahi kupanda gari huyu!"

Wote wakacheka. "Hakuna kitu," nikasema, nikaondoka karibu nikikimbia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilipeleka ndoo ya maji kwenye kibanda cha uhunzi, nikakuta watu wamejaa. Wachimbaji wa duara la jirani walikuwa wamekuja na mhunzi wao, na Maige alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni.

"Mnasema uongo," mmoja wao alikuwa anasema. "Anashika upande wa nyuma tu. Hata bibi yangu anashika sufuria kwa nyuma."

"Bibi yako aje basi!" Maige akamjibu, na watu wakaangua kicheko. "Koleo, wenzetu hawaamini. Leo shika pale penye wekundu. Zunguka nayo kibanda hiki, watu walale na adabu."

Kaka alitabasamu. Alikuwa na miaka ishirini, na hakuna kijana wa umri huo anayeweza kusema hapana mbele ya watu wengi namna ile. Akapuliza mivukuto. Mkaa ukanguruma, na moko ikaanza kubadilika, nyeusi, hudhurungi, kisha nyekundu kama kishungi cha jogoo. Akafungua kile kitambaa kiganjani, akakitupa. Nilikiona kidonda. Kilikuwa kimekuwa kirefu, na pembeni pamekuwa peupe. Mtu aliyesimama karibu nami alikiona pia, lakini alisema tu, "Mwanamume!"

Kaka alinyoosha mkono wa kushoto.

Sikufikiri. Ndoo ilikuwa mikononi mwangu, na maji yote yakaruka juu ya moto. Mlipuko wa mvuke ulijaza kibanda, watu wakarudi nyuma wakikohoa na kuapa. Moko ilipiga kelele kali, kisha ikapasuka katikati, kwa sababu chuma kilichoiva hakimwagiwi maji ovyo.

"Mtoto huyu ana wazimu!" Maige alinguruma. "Umevunja moko yangu!"

Kaka alinikamata bega. Sijawahi kumwona na macho yale. "Kwa nini? Kwa nini unaniaibisha?"

"Husikii, kaka." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini mvuke ulikuwa umewanyamazisha wote. "Si dawa ya mfumu. Mkono unaungua, ila wewe husikii. Nesi alisema jana."

"Nesi gani?"

Jibu halikutoka kwangu. Lilitoka kwa yule mhunzi wa duara la jirani, taratibu, kama mtu anayegusa kitu kwa fimbo. "Nesi wa ukoma."

Niliona tu miguu. Miguu iliyokuwa imemzunguka kaka ilipiga hatua nyuma, mmoja baada ya mwingine, hata ya Maige, mpaka akabaki peke yake mbele ya mkaa uliokufa. Kaka aliniachia bega. Akaokota kitambaa chake, akaondoka.

Nilimfuata kwa mbali. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Baba alikuwa amesimama uani, shati halijafungwa vifungo.

"Umemtaja kaka yako kwa neno lile mbele ya machimbo yote?"

"Sikulitaja mimi, baba."

"Ni nani atamkaribisha sasa? Nani atampa kazi? Nani atamwoza binti?" Hakuwa anapiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Hilo neno lisiingie katika kaya yangu. Donatus haendi popote. Tutatafuta dawa kimyakimya."

Kaka alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholala, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mama alitoka jikoni. Alimchukua mkono, akausogeza kwenye mwanga, akakitazama kiganja. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alikibonyeza kidonda kile kwa kidole gumba, kwa nguvu. Usaha ukatoka. Kaka hakushtuka.

Mama akaanza kulia. "Baba Donatus," alisema, "nilimzaa mtoto huyu akilia kwa kila kitu. Hata mbu alimliza. Huyu hapa hasikii. Kimyakimya yako itamponya?"

Baba alifumba macho.

"Mektilda," mama akasema, "kimbia, ng'wanone, mwanangu. Kamwite huyo nesi."

Nilikimbia kupitia mashamba ya pamba, nikakatisha kwenye mihogo, nikasikia mngurumo wa Land Rover kabla sijaiona shule. Mizigo ilikuwa imeshafungwa juu ya gari na dereva ameshakaa kwenye usukani. Watoto walikuwa wameizunguka, Esta akiwa mbele kama kawaida yake. Wote waligeuka kunitazama. Miguu yangu ilitaka kusimama nyuma ya gari tena. Nikaikataza. Nilikwenda moja kwa moja hadi dirishani.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Mkono wake hausikii moto."

Mwanaima alinitazama kidogo. Kisha akamgeukia dereva. "Zima gari."

Nyumbani, Mwanaima aliwaamkia wazazi wangu, akapewa kigoda, akanywa maji aliyopewa, na hakugusa habari ya mkono mpaka baba mwenyewe alipojikohoza. Ndipo akamwomba kaka waingie ndani, mbali na macho ya majirani waliokuwa wamejipanga uani wakijifanya wanaazima chumvi. Mama alisema na mimi niingie.

"Fumba macho, kaka yangu," alisema Mwanaima. "Nikikugusa kwa pamba, nionyeshe nilipogusa."

Aligusa mkono wa kulia. Kaka akaonyesha. Aligusa shingo. Akaonyesha. Kisha akagusa lile baka lililopauka, kaka akatulia. Akagusa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na cha jirani yake, na ukingo wa kiganja. Kaka alikuwa ametulia tu, macho amefumba, anangoja kama mwanafunzi mwema.

"Anza basi, nesi," akasema.

"Nimeshaanza," Mwanaima akamjibu kwa upole.

Kaka alifumbua macho, akaona pamba iko juu ya kidole chake. Baba, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje.

Mwanaima alipapasa nyuma ya kiwiko, akaikuta neva imevimba kama kamba. Akamkata kaka kidogo sana kwenye ndewe ya sikio na kwenye baka, akakwangua majimaji, akayapaka kwenye vioo vyembamba. Alivipitisha juu ya moto wa spiriti, akavitia dawa nyekundu, akaviosha, akavitia ya buluu. Kisha akafungua sanduku lake, akaitoa hadubini na kuiweka juu ya meza yetu ya kulia, kioo chake kidogo kikilitazama jua la dirishani. Alitazama muda mrefu. Sisi tulitazama mgongo wake.

"Njoo uone mwenyewe," alimwambia kaka. "Ni vyako. Usiambiwe na mtu."

Kaka aliinama, jicho moja amelifumba. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amelala. Hatimaye akasema, "Ni vijiti. Vyekundu. Vimelaliana kama kuni." Akaninyooshea mkono wa kulia. "Mektilda, njoo."

Nikaviona. Vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu, vingine viwiliviwili, vingine vimerundikana. Hapakuwa na laana pale wala mtu aliyeroga. Vilikuwa vijidudu tu.

"Lakini nilichanjwa chale ndipo mkono ukaanza," alisema kaka.

"Hivi vilikuwa mwilini mwako miaka mingi kabla ya chale," alisema Mwanaima. "Mfumu alikukuta mkono umeshaanza kufa, akapewa sifa ya kuukinga na moto."

Baba alikuwa amerudi mlangoni. "Na kama vinakataa kukua maabara, nyie mnavichunguzaje?" aliuliza. Nilishangaa. Kumbe Mwalimu Theonest alikuwa amemsimulia yaliyosemwa darasani.

"Wataalamu waligundua vinakua kwenye nyayo za panya, mzee. Na kuna mnyama mmoja wa Amerika, ana magamba mgongoni, anafanana kidogo na kakakuona wetu. Mwili wake una ubaridi ambao vijidudu hivi vinaupenda."

"Kakakuona!" Baba alishika kichwa. "Zamani kwetu kakakuona akionekana alipelekwa kwa mtemi kwa ngoma! Wazungu wanamchoma sindano za ukoma?"

"Si yeye hasa, ni mwenzake."

"Hata kama ni binamu yake," baba akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile kaka akacheka. Kicheko kilikatika katikati, kikawa kilio. Akaketi kwenye kitanda kilichokuwa pale, na baba akaenda akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Mwanaima alitupima sote, tukawa salama. Alisema ugonjwa ule hauambukizi kwa kula sahani moja, kwamba miili ya watu wengi inaushinda yenyewe, na kwamba baada ya muda mfupi tu wa kumeza dawa kaka hangeweza kumwambukiza mtu. Alimpa vidonge vya aina tatu, na vingine vya kupunguza uvimbe wa neva, ambavyo alianza kuvimeza siku ileile. Ili neva zake zifuatiliwe, kaka alipelekwa hospitali ya Kolandoto, karibu na Shinyanga, akakaa huko kwa muda.

Alipotoka kule, mkojo ulikuwa unamtoka mwekundu kila siku alipomeza dozi kubwa ya mwezi, na ngozi yake ilianza kuwa nyeusi yenye wekundu kwa sababu ya moja ya dawa zile. Wasiojua walisema ndiyo mwisho wake. Maige alituma mtu kuchukua moko zake zote. Kibanda kikaota majani. Siku nyingi kaka alisema ataacha vidonge, na siku hizo nilimpelekea maji ya kunywa nikasimama mbele yake, sisemi kitu, siondoki, mpaka anameza.

"Wewe ni mbaya kuliko nesi," aliniambia.

Kila jioni aliloweka mkono kwenye maji ambayo mimi nilikuwa nimeyapima kwa kiwiko changu, tukaukagua pamoja kutafuta jeraha alilolipata bila kujua. Kidonda kikafunga.

Kilichomrudisha Maige hakikuwa huruma. Mhunzi wake mpya alikuwa akizichoma moko mpaka zinakuwa laini kama michembe ya viazi iliyopikwa. Mwanaima alikuwa ameshakwenda machimboni na hadubini yake, akawaruhusu wachimbaji wapange mstari kutazama vijiti, na Maige alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuwa wa pili. Basi siku moja alikuja nyumbani na moko kadhaa begani. Alisimama uani, ile sauti yake ya kuita ng'ombe imempotea.

"Koleo... yaani, Donatus. Unaweza kunisaidia?"

"Kwa koleo," kaka akajibu. "Na la kwako lazima ununue."

Mwaka wa pili wa dawa ulipokuwa unakaribia kwisha, Mwanaima alikuja kumpa kaka dozi ya mwezi, akamkuta kibandani. Maige alikuwepo, na baba, na mimi nilikuwa kwenye mivukuto. Kaka alikuwa ameshika koleo lenye mishikio iliyofungwa ngozi nene. Aliigonga moko, na cheche moja ikaruka ikatua kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto, karibu na kidole gumba.

"Aii! Mayu wane! Mama yangu!"

Koleo lilianguka. Kaka alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, anapuliza kiganja, anaapa. Maige alikimbilia ndoo. Kisha kaka akasimama ghafla. Akautazama mkono. Akakigusa kile kialama cha cheche kwa kidole cha mkono wa pili, taratibu, na uso wake ukakunjamana.

"Inauma," alisema. "Nesi, inauma!"

Mwanaima alimpima kwa pamba palepale, kaka akiwa amefumba macho. Kidole cha mwisho kilibaki bila kusikia, na kilikuwa kimejikunja moja kwa moja. Lakini sehemu kubwa ya kiganja ilikuwa imerudi. Alionyesha, akaonyesha, akaonyesha tena.

Baba alijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Mimi nilimsifu mwanangu kwa kutoumia," alisema. "Kumbe maumivu ni mlinzi aliyewekwa mlangoni. Yalipoondoka, sisi tukapiga makofi. Watoto wangu, mwili ukinyamaza pale unapostahili kulia, msione fahari, nendeni mkapimwe. Na ugonjwa usiotajwa jina unakula mkono wa mtu huku sisi tunalinda heshima. Nilitaka kuficha. Mtoto asiyezungumza ndiye aliyezungumza."

Watu wakaanza kucheka, Maige akidai kwamba cheche ile ilitoka kwenye moko yake, kwa hiyo sifa ni zake. Nilitoka kwenye mivukuto nikamsogelea kaka, nikaushika mkono wake wa kushoto. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata Esta. Kila jioni, kwenye sala ya nyumbani, baba alipotuachia kimya kidogo ili kila mtu aombe lake, mama aliomba kaka apone, na baba aliomba apate mke. Mimi niliomba langu, na niliona haya kulitamka, kwa sababu hakuna dada anayemwombea kaka yake jambo kama lile.

"Kaka," nikasema, mbele ya wote, "miaka yote hii mimi nilikuwa namwomba Mungu uumie."